Maneno Yaliyopita Dirishani

Mwanamke akishaamua kumwacha mumewe, hakuna anayetarajia kumkuta jikoni kwa baba mkwe akisubiri mwisho wa tamthiliya ya Wajapani. Lakini ndiko alikokuwa Esnath Jumapili ile. Begi lake lilikuwa limefungwa tangu asubuhi, kaka yake Jairo alikuwa njiani kutoka kwao Matwebe kuja kumchukua, na yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya Mzee Ambindwile pale Kyimo, kisu mkononi, beseni la ndizi miguuni, masikio yote mawili yako kwenye dirisha la sebule.

“Wifi, hiyo unamenya au unachonga mwiko?” aliuliza Tusekile, mdogo wa mumewe, binti mwenye mdomo usiojua kupumzika. “Tazama, ndizi yote imeishia kwenye maganda.”

“Niache.”

“Nikuache tena? Si unaondoka leo? Kesho nitamsumbua nani?”

Esnath aliitupa ile ndizi iliyokonda kwenye sufuria akachukua nyingine. Mvua ya Tukuyu, ile isiyojua masika wala kiangazi, ilikuwa imeanza kudondoka kwenye bati la jiko, na yeye aliomba moyoni isizidi. Ikizidi hatasikia kitu.

Na alitaka kusikia. Si kwamba alikuwa na shida na Wajapani, la hasha. Alitaka kusikia sauti ya mumewe, maana tangu yale yaliyotokea, mle dirishani ndimo pekee ilimotokea sauti hiyo ikiwa na maneno ya maana.

Utauliza, basi kwa nini asiingie sebuleni akakaa kwenye kochi kama binadamu wengine? Aka! Hilo kaulize kwingine, si Rungwe. Mkwe wa kike wa Kinyakyusa hakai chumba kimoja na baba mkwe wake. Akimwona njiani anaingia mgombani, anainama, anajifunika kitenge mpaka mzee apite. Hamtaji jina, hamsemeshi, wala sauti yake haitakiwi imfikie. Mzee Ambindwile alikuwa mzee wa kanisa, pombe alishaiacha na matambiko alishayaacha, lakini hili la mkwe hakuliacha, na Esnath mwenyewe wala hakutaka aliache. Lilikuwa heshima yao wawili. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuuona uso wa yule mzee sawasawa. Alimjua kwa kikohozi chake na kwa mabuti yake ya mpira.

Sasa televisheni ilikaa sebuleni, na mzee alikaa mbele ya televisheni. Utafanyaje?

Godwin, kaka mkubwa wa Nsajigwa, mumewe Esnath, ndiye aliyeituma kutoka Dar pamoja na ungo wake wa kunasia matangazo, miaka ile watu wenye ndugu mjini walipoanza kuletewa mambo. Kijiji kizima kilikuja kuishangaa. Na katika yote yaliyokuwa yakionyeshwa, mzee alipenda kimoja tu: tamthiliya ya Kijapani ya kila Jumapili alasiri, ya mtu na mkewe, Haruo na Michiko, wanaoishi nyumba moja lakini hawasemeshani. Watu wenyewe walizungumza Kijapani, na chini ya kioo yakawa yanapita maandishi ya Kiingereza, mbiombio. Ndani ya ile sebule aliyeweza kuyasoma yakiwa mbioni ni mmoja tu, Nsajigwa, aliyefika kidato cha nne. Basi akawekewa kigoda kando ya televisheni, chini ya dirisha, akawa mkalimani.

“Haruo amerudi kazini,” alikuwa akisema. “Anamwambia mkewe, nimerudi. Mkewe hajibu.”

“Hajibu tena!” alikuwa akipiga paja Lazaro, jirani yao. “Na leo tena hajibu! Mwanamke huyu ana roho!”

“Mwacheni,” alikuwa akisema mzee. “Kuna kitu kinamuuma.”

Siku waliyoonyeshwa kwamba nyumba ya Haruo ina milango ya karatasi, sebule nzima ilichemka. Karatasi! Kwa mvua ya hapa si wangelala nje! Lakini Nsajigwa hakucheka. Alisema, kwa sauti iliyopanda kidogo, “Haruo ameweka kiganja chake kwenye ile karatasi. Mkewe yuko upande wa pili. Hajui kama mumewe amesimama hapo.”

Na huku nje Esnath aliacha kupepeta mchele.

Hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili ya kwanza aliyohisi kitu. Zilizofuata akaanza kukisikiliza. Mumewe, ambaye nyumbani kwao pale ng'ambo ya barabara alikuwa anakula kimya, anavua viatu kimya, anageukia ukutani kimya, huyo huyo dirishani alikuwa anatoa maneno ambayo Esnath hakuwahi kuyapata tangu aolewe.

“Haruo anasema, afadhali ungenitukana. Afadhali ungenirushia chungu. Huko kunyamaza kwako kunanimaliza.”

“Haruo anasema, usiku nasikia unavyolia ukidhani nimelala. Sijalala.”

Esnath alikuwa amejizuia kuamini. Mtu anasoma kilichoandikwa, alijiambia, mapenzi ya Wajapani yanakuhusu nini wewe? Mpaka Jumapili moja Nsajigwa aliposema, “Haruo anasema, hata ndizi unazonipikia siku hizi huzitii chumvi. Nazila hivyo hivyo.”

Mzee akauliza, “Kwani Japani nako wana ndizi?”

“Ndiyo, taata. Wana... wanazo.”

“Ah! Kumbe ni watu kama sisi.”

Watu walicheka, Lazaro akakohoa mpaka akapigwa mgongoni. Lakini kule jikoni Tusekile aligeuka taratibu akamtazama wifi yake, na Esnath alikuwa ameinamisha uso, mashavu yanamwaka moto. Maana ni kweli. Alikuwa hatii chumvi. Hakuwahi kulisema, wala mumewe hakuwahi kulalamika, na Jumatatu yake akatia. Nsajigwa alipoonja tonge la kwanza mkono ulisimama hewani. Walitazamana, kitambo kidogo tu, kule kutazamana kwa zamani kulikokuwa kukimtoa Esnath jasho la viganja enzi za uchumba wao. Esnath akangoja. Sema, aliomba moyoni, sema sasa hapa tulipo wawili. Nsajigwa akainama, akaendelea kula.

Hapo ndipo alipotuma ujumbe Matwebe kaka yake aje.

*

Maana kilichokuwa kati yao hakikuwa chumvi. Kilikuwa ni Belinda.

Belinda alikuwa mtoto wao wa pekee, wa miaka minne, na homa ilimchukua masika yaliyopita, ndani ya siku mbili tu, wakati baba yake yuko Tunduma na mzigo wa mchele. Siku hizo kila kijana mwenye nguvu alikuwa anakimbilia Tunduma. Mpaka wa Zambia ulikuwa umechangamka, biashara imefunguka. Walikuwa wameagana vibaya asubuhi aliyoondoka, Esnath akimwambia asiende, mtoto hajaamka vizuri, naye akijibu kwamba mtoto anadeka tu. Ujumbe kwamba mtoto anaumwa ulimfikia. Dereva wa lori alikuja mwenyewe kusema kwamba alimpa Nsajigwa habari mkono kwa mkono. Watu wakamngoja. Jua likapanda, likateremka, wanaume wakasema maiti ya mtoto haingojeshwi, wakazika. Kesho yake akaingia, macho mekundu, akasema mzigo ulimchelewesha.

Mzigo! Neno hilo lilikaa kwenye kifua cha Esnath. Mchele na mwanangu, mume wangu akachagua mchele.

Na hakuomba msamaha. Hakulitaja hata jina la mtoto. Watu waliacha kumwita Esnath Mama Belinda, wakidhani wanamhurumia, na aliyeacha wa kwanza alikuwa Nsajigwa. Alichokitaka Esnath ni neno moja kutoka kinywani mwa yule mwanaume. Akilipata neno hilo, begi lingefunguliwa. Hivyo ndivyo alivyojiwekea ahadi.

*

“Amefika,” alinong'ona Tusekile, akirudi mbio kutoka upenuni. “Kaka yako. Wamemkaribisha sebuleni. Amekaa karibu na Lazaro.”

“Tamthiliya imeanza?”

“Ndiyo inaanza. Leo ni mwisho, wifi. Wapo stesheni ya treni, Michiko amebeba sanduku.”

Esnath aliweka kisu chini. Alisikia salamu zikiisha ndani, ndaga kwa ndaga, akasikia sauti nzito ya Jairo ikijibu maswali ya mzee kuhusu shule anayofundisha, kuhusu mvua, kuhusu watoto. Hakuna aliyetaja begi. Watu wa heshima hawaanzi na begi. Kisha muziki ule wa Kijapani wa kukwaruzakwaruza moyo ukaanza, na wote wakanyamaza.

“Haya, mwanangu,” alisema mzee, ambaye jina la Mjapani halikuwahi kumkaa ulimini. “Haluo anasemaje?”

Esnath alimsikia Nsajigwa akisogeza kigoda. Tusekile, aliyekuwa ameinuka kwenye vidole vya miguu achungulie, aligeuka macho yamemtoka.

“Wifi! Ameipa televisheni mgongo. Amegeukia huku kabisa.”

“Haruo anasema,” ilikuja ile sauti, na leo ilikuwa inatetemeka, “mke wangu. Najua umeshafunga mzigo wako. Najua ndugu yako amekuja. Sina cha kukuzuilia.”

“Ndugu yake yuko wapi?” aliuliza Lazaro. “Mimi namwona yuko peke yake na sanduku.”

“Nyamaza, Lazaro,” alisema mzee.

“Anasema, nililetewa habari kwamba mtoto anaumwa. Habari ilinifikia. Nilikosa. Sijui kulisema, kila nikitaka kulisema koo linafunga, lakini nilikosa, mke wangu, nilikosa. Hakuna siku...”

“Kumbe walikuwa na mtoto?” Lazaro hakuweza kujizuia.

“Mtoto gani?” Mzee naye sasa alishangaa. “Siku zote hizi hatujaona mtoto.”

Esnath alikuwa amesimama. Hakujua amesimama saa ngapi. Mikono yake ilikuwa imebana kitenge kifuani, machozi yanashuka yenyewe, na moyo wake ulikuwa unasema ndiyo, ndiyo, endelea, usiache, sema mpaka mwisho. Neno lake ndilo lile. Limekuja limevaa koti la mtu mwingine, lakini limekuja. Je, linatosha? Mtu akikupa maji kwa kikombe cha kuazima, si maji hayo hayo?

Na hapo ndipo aliposikia kaka yake akisafisha koo.

“Shemeji,” alisema Jairo, kwa upole wote wa mwalimu anayesahihisha. “Samahani, lakini hayo hayapo.”

“Yapi hayapo?” aliuliza mzee.

“Hayo anayoyasoma, baba. Kiingereza nakisoma kidogo. Mwanaume ameuliza, ‘Treni yako ni ya saa ngapi?’ Mwanamke akamjibu, ‘Ya saa kumi na mbili.’ Halafu mwanaume amesema, ‘Jitunze.’ Basi. Hakuna mtoto, hakuna kukosa. Na sasa hivi anapanda, anaondoka, hao wanaachana.” Akashusha sauti. “Isitoshe, shemeji hatazami hata kioo.”

Yesu wangu! Tusekile alijiziba mdomo kwa viganja viwili. Ndani, Lazaro, ambaye hakuna jambo lililowahi kumpita bila neno, safari hii hakuwa na neno. Kila mtu alikuwa ameelewa, na kila mtu alitamani asingeelewa.

Esnath alilipiga beseni teke bila kukusudia, ndizi zikatawanyika matopeni, akavuka uwanja mdogo mpaka dirishani. Akasimama pale na mvua yake, nje ya nondo, uso kwa uso na mumewe.

“Nsajigwa! Mtoto gani?”

Alilisema kwa sauti. Baba mkwe wake yupo mle, hatua chache, na yeye alipaza sauti yake mpaka ukutani ikarudi. Alimsikia mama mkwe, aliyekuwa mle sebuleni na wengine, akishtuka, “Juba gwe!” Aliona kwa pembe ya jicho koti jeusi likigeuka upesi kuelekea ukutani, mzee akiuficha uso wake yeye mwenyewe, kwa kuwa mkwe hakuuficha wa kwake. Alijua anavunja kitu. Lakini kimoja kilikuwa kimeshavunjika zamani, akasema tena.

“Mtoto gani? Mtaje jina!”

Nsajigwa alifungua mdomo. Midomo ilicheza. Uso wake ulikuwa wa mtu anayezama, na hakuna kilichotoka.

“Ona,” alisema Esnath, sauti imemwishia. “Ona sasa.”

Kikohozi. Kile kikohozi alichokijua kuliko uso. Halafu mzee akazungumza, bado kaukabili ukuta.

“Tokeni nje.”

“Taata, mvua hiyo...” alianza Lazaro.

“Nimesema tokeni. Mimi nikiwa humu, yule mtoto wa watu hawezi kuingia. Na akibaki pale nje watazungumza mpaka lini kupitia nondo? Mwalimu, nisamehe, nakutoa mgeni kwenye mvua. Lazaro, nipe mkono.”

Wakatoka. Mzee wa miaka sabini na ushee, mwenye nyumba yake na ungo wake na televisheni yake, akatoka kwa mlango wa mbele na mabuti yake, akaenda kusimama mgombani mvua ikimpiga, ili mkwe wake apate kuingia. Wengine wote wakamfuata. Mama mkwe ndiye aliyefungua mlango wa nyuma.

“Ingia, mwanangu,” alisema, machozi yakimlenga. “Ingia ukaongee na mwenzio.” Kisha na yeye akatoka.

*

Sebule ya baba mkwe! Esnath alisimama juu ya zulia ambalo hakuwahi kulikanyaga mwenye nyumba akiwepo hapo uani, maji yakimchuruzika, hajui hata aweke wapi mikono. Televisheni ilikuwa inaendelea peke yake. Treni inaondoka, mwanaume amesimama. Nsajigwa aliizima. Wakabaki na sauti ya mvua.

Alikuwa amekonda. Hilo ndilo Esnath aliloliona kwanza, na alijichukia kwa kuliona, kwa jinsi moyo wake ulivyomkimbilia bila ruhusa. Mabega yale aliyokuwa akiyaegemea yalikuwa yameingia ndani ya shati. Alitamani kumshika. Alitamani pia kumng'ata.

“Sema,” alimwambia.

“Umeshasikia.”

“Nimemsikia Haruo. Wewe sijakusikia.”

“Esnath...”

“Uliacha mwanao azikwe, ukabaki kuuza mchele. Sema hivyo. Sema kwa kinywa chako, basi, nikuachie Mungu.”

Nsajigwa alikaa kwenye kile kigoda cha ukalimani.

“Si mchele,” alisema.

“Nini?”

“Mchele niliuacha Tunduma siku ile ile. Nilimwachia mtu nisiyemjua hata jina. Sikuchelewa, Mama Belinda.”

Lile jina. Lilimpiga Esnath katikati ya kifua. Ikabidi ashike mgongo wa kochi. Kisha maana ya yale mengine ikaanza kumfikia, polepole.

“Hukuchelewa vipi? Uliingia kesho yake. Watu wote walikuona.”

“Niliingia kesho yake. Lakini nilifika siku ile. Kabla hamjazika.” Sasa alikuwa anaongea haraka, anaogopa akisimama hataweza tena. “Lori la maharage lilinishusha barabarani pale. Nikasikia vilio. Nikajua. Hakuna aliyeniambia, nilijua tu. Nikasema niende, na miguu ikakataa. Wallahi, ikakataa. Nikaona watu wote wale wamejaa uwanjani, nikasema wote watanigeukia, wataniangalia mimi niliyesema mtoto anadeka. Nikapita nyuma, nikapanda kwenye shamba la chai la Lazaro, nikakaa kule juu.”

“Kule juu,” alirudia Esnath.

“Niliona kila kitu. Nilikuona umejifunga kitenge cha mama. Nilimwona Jairo amebeba lile sanduku peke yake begani, kwa sababu lilikuwa dogo. Lile bega lilitakiwa kuwa langu.”

“Nilikuita,” alisema Esnath. Sauti yake ilikuwa ya chini mno. “Pale kaburini. Walipoanza kurudishia udongo nilikuita jina lako. Watu wakadhani nimerukwa na akili. Nilikuita kwa nguvu.”

Nsajigwa alifunika uso kwa viganja.

“Ulinisikia?”

“Nilikusikia.”

Nje mtu alikohoa mgombani.

“Bora ungekuwa Tunduma,” alisema Esnath.

Na alilisema kwa dhati. Chuki yake ilikuwa na mahali pa kukaa. Ilikaa juu ya magunia ya mchele, alikuwa ameizoea. Sasa mumewe amemnyang'anya hata hiyo. Huyu hakuwa mchoyo wa kuchukiwa. Alikuwa mtu aliyejificha kwenye chai, anamsikia mkewe akimwita, analia peke yake, hawezi kushuka. Utamfanya nini mtu wa hivyo? Utampiga? Utamkumbatia? Esnath hakujua, na kutokujua kule kulimchosha kuliko machozi.

“Kwa nini ulisema ni mzigo?”

“Mtu akiitwa mchoyo anaishi. Watu wanamsema, wanamzoea. Lakini mwanaume aliyekimbia msiba wa mwanawe, hapa Kyimo, atakaa wapi? Atamzika nani tena? Nani atamzika yeye?” Aliinua uso, na uso ule ulikuwa umelowa wote. “Nisamehe. Si Haruo. Mimi, Nsajigwa, baba yake Belinda. Nisamehe, mke wangu. Usiende.”

Basi, neno lilikuwa limekuja. Lile lile aliloliwekea ahadi, tena limetoka kwenye kinywa chenyewe. Esnath alingoja moyo wake ufunguke kama alivyoahidi. Ulifunguka kweli, na kilichokuwemo ndani kilikuwa ni yeye mwenyewe kaburini, anaita, na hakuna anayeitika.

Alimsogelea. Aliweka kiganja chake kwenye shavu la mumewe, akalifuta chozi kwa kidole gumba, na Nsajigwa aliushika ule mkono kwa mikono miwili, akaubana usoni, mabega yakimtikisika. Walikaa hivyo. Alikuwa anampenda. Ee Mungu, alikuwa anampenda bado mjinga huyu, na ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

“Siwezi kukaa,” alisema.

“Nimesema kila kitu!”

“Umeniambia mimi, mlango umefungwa, mzee wa watu ananyeshewa ili wewe upate kusema. Nikikaa leo, kesho utasema tena ni mzigo. Watu watanipa pole kwa mume mchoyo na mimi nitanyamaza, tutakuwa waongo wawili. Nitakuchukia, Nsajigwa. Sitaki kukuchukia.”

“Nifanye nini basi? Niambie. Nitafanya.”

Esnath alivuta mkono wake, taratibu.

“Jumapili ijayo mtoto wa Jairo anapata kipaimara. Ukoo wote utakuwepo Matwebe, na majirani, na kwaya. Uwanja utajaa. Uje. Ushuke barabarani, utembee mpaka mlangoni kwa mama yangu watu wote wanakutazama, na uyaseme hayo mbele yao. Kwamba ulikuwepo. Kwamba ulisikia. Ukimaliza, nitalibeba begi langu mwenyewe, nirudi na wewe.”

“Mbele ya watu wote?”

“Wote.”

Aliyaona macho yake yakikimbilia mlangoni, yakarudi. Kwa nukta moja alikiona kile ambacho hakuna mtu Kyimo aliyewahi kukiona, yule mtu aliyekuwa kule juu kwenye chai, na alitaka kusema basi, yaishe, sahau, nakaa. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Akauma midomo.

“Nitakuja,” alisema Nsajigwa.

“Haya.”

Alitoka kwa mlango wa nyuma alikoingilia, akachukua begi lake ukumbini kwa Tusekile, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa analia bila kusema neno. Alipopita mgombani aliinama, akajifunika kitenge vizuri, kama inavyotakiwa. Mzee alikuwa amempa mgongo, kofia yake imelowa chapachapa. Hakugeuka. Lakini Esnath alipokuwa anampita alimsikia akisema kwa Kinyakyusa, akiiambia migomba maana yeye hawezi kuambiwa, kwamba mtoto akiondoka kwenye mvua, nyumba iache mlango wazi.

Jairo alimpokea begi. Walitembea mpaka barabarani, wakasimama kungoja gari la kwenda chini. Mvua ilikuwa imepungua. Kaka mtu alimtazama dada yake kwa kuibia, akashindwa kuvumilia.

“Nimekuharibia, dada?”

“Hapana.”

“Amekwambia nini?”

“Ukweli. Nimemwambia aje kwenye kipaimara, auseme mbele ya watu.”

Jairo alihamisha begi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. “Atakuja?”

Esnath aligeuka akatazama nyuma, kule kwenye nyumba yenye ungo. Hakuna aliyekuwa amesimama mlangoni.

“Atakuja,” alisema. “Mpaka barabarani atafika. Hilo nina hakika nalo.”